Kipi cha Asili? Chemchemi, Chakula na Ususi wa Gisenyi

Utangulizi

Neno "asili" ni miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuyapima. Twasema chakula cha asili, dawa za asili, kazi za mikono za asili. Na mwanafunzi huandika katika daftari lake kana kwamba kila kilichoitwa hivyo kilikuwako tangu milima ilipoumbwa. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni shina au mzizi. Basi neno tulitumialo kutaja kilicho chetu tangu mwanzo ni mgeni aliyekaribishwa, akakaa, na leo hakuna amwulizaye alikotoka.

Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo katika mji mmoja, nao ni Gisenyi, ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, katika wilaya ambayo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 huitwa Rubavu. Mgeni afikaye Gisenyi akiomba kuonyeshwa mambo ya asili aghalabu huonyeshwa matatu. La kwanza ni chemchemi za maji ya moto, ambazo kwa Kinyarwanda huitwa amashyuza. La pili ni samaki wadogo waitwao isambaza. La tatu ni kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, yaani agaseke. Tutayachukua moja moja, tukiuliza kila mojawapo lilifikaje mahali hapo, kisha tutaona swali hilo linatufundisha nini juu ya lugha tunayoisomesha.

Mizani ya Wajapani

Mwenye kupima hana budi kuwa na mizani. Wajapani, ambao nchi yao ni ya volkano kama lilivyo eneo hili la Virunga, wamekwisha kuyatungia mambo haya sheria. Sheria yao ya chemchemi ya mwaka 1948 yasema kwamba maji yatokayo ardhini yahesabiwe kuwa chemchemi ya moto iwapo yana joto la nyuzi 25 za sentigredi au zaidi, au iwapo yana kiasi maalumu cha madini fulani. Sheria nyingine, ya mwaka 1974, inahusu kazi za mikono za jadi: ili kazi itambuliwe kuwa ya jadi, ufundi wake hutakiwa uwe umedumu kwa miaka 100 hivi au zaidi, na vifaa vyake vikuu viwe ndivyo vilivyotumika tangu zamani.

Mizani hiyo ni nzuri kwa kuwa inahesabika. Hata hivyo, Wajapani wenyewe wana kisa kinachotuonya. Kiazi kitamu, ambacho asili yake ni bara la Amerika, kiliingia katika visiwa vya Ryukyu mwaka 1605 kutoka China, na kutoka huko kikavuka hadi Satsuma, kusini mwa Japani. Watu wa sehemu nyingine za Japani walikipokea kutoka Satsuma, wakakiita "kiazi cha Satsuma". Watu wa Satsuma, ambao walijua kwamba kwao kilitoka ng'ambo, walikiita "kiazi cha China". Kila mmoja alikipa jina la jirani aliyemletea, na hakuna hata mmoja aliyeitaja Amerika. Leo kiazi hicho ni fahari ya kusini mwa Japani. Tukiwa na kisa hicho akilini, sasa tuingie Gisenyi.

Maji ya Moto

Chemchemi za Gisenyi ziko Nyamyumba, kusini mwa mji, kwenye mwambao wa ziwa upande wa Rubona, si mbali na kiwanda cha bia. Maji yake yana joto la zaidi ya nyuzi 70, yaani karibu mara tatu ya kiwango cha sheria ya Wajapani. Sababu yake ni Bonde la Ufa, ambalo tawi lake la magharibi ndilo lililochimba makalio ya Ziwa Kivu. Maji ya mvua huzama ndani ya nyufa za miamba, hufika kina ambacho ardhi ni ya moto, kisha hupanda tena kwa nyufa nyingine yakiwa yameyeyusha madini njiani. Hapana shaka kwamba yalikuwa yakibubujika kabla ya ufalme wowote na kabla ya mkulima yeyote kufika katika nchi hizi. Kama asili ni ukongwe, basi hili latosha.

Lakini maji ya moto peke yake ni jiolojia tu. Yanayoyageuza kuwa mila ni maarifa ya watu wanaoyatumia. Mtu hawezi kujitosa katika maji ya nyuzi 70. Humbidi ajue ni wapi maji hayo huchanganyika na maji baridi ya ziwa hata yakavumilika. Wako wenyeji wanaomwelekeza mgonjwa wa viungo mahali pa kukaa, wakamnyoosha na kumkanda mgongo na miguu. Wako wanaotumia joto hilohilo kuchemshia viazi na mayai. Maarifa hayo hayamo katika maji. Yamo vichwani na mikononi mwa watu, na yasipofundishwa hupotea ingawa chemchemi ingalipo.

Pamoja na maarifa ya manufaa yako maarifa ya hatari. Katika eneo la Goma na Gisenyi, hewa ya ukaa hutoka ardhini kwa nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama katika mabonde na mashimo. Haina rangi wala harufu. Mtoto au mbuzi akishuka ndani yake hukosa pumzi na kufa. Watu wa Kivu waliipa hatari hiyo jina la "mazuku", nalo ni neno la Kiswahili cha huko. Wataalamu wa volkano wa nchi za nje walipoanza kuichunguza hawakubuni jina jipya. Walilichukua hilohilo, na leo limo katika maandishi ya kisayansi ya Kiingereza na Kifaransa. Walimu wenzangu wayafikirie haya: Kiswahili cha Kivu, ambacho wengine hukibeza kuwa kimevunjika, kimeupa ulimwengu istilahi ya sayansi, kwa sababu wasemaji wake walikuwa na haja ya kuonyana juu ya kifo.

Chakula

Sasa tutazame isambaza. Jioni, wakati jua linatua, wavuvi wa Gisenyi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungamanishwa, huku miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kushika wavu. Hupiga makasia kwa kuimba. Usiku huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za umeme wa betri. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, vijidudu huvuta samaki, na wavu huinuliwa kutoka chini. Alfajiri samaki hao hufika sokoni, wakakaangwa wakaukavu na kuliwa kwa ndimu na pilipili, au wakaanikwa juani. Mgeni aonaye haya yote, mitumbwi, nyimbo na taa, huapa kwamba ameona mambo ya kale.

Historia yasema vingine. Hapo zamani Ziwa Kivu lilitoa maji yake kaskazini, kuelekea bonde la Nile. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, na yapata miaka 10,000 iliyopita maji yalifurika kusini na kushuka kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Maporomoko ya mto huo ni makali, hata samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Isitoshe, ziwa lenye kina cha karibu mita 480 lina hewa ya kutosha viumbe katika mita zipatazo 60 za juu tu. Chini ya hapo limejaa hewa ya ukaa na gesi ya methani. Kwa sababu hizo Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, zisizofika 30, na katikati yake hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Kibelgiji, vitoto vya dagaa vilichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa katika Kivu kwa makumi ya maelfu. Aina moja ilishindwa. Nyingine, ambayo wanasayansi huiita Limnothrissa miodon, ilistawi, na hiyo ndiyo isambaza. Mitumbwi mitatu nayo haikuwa ya Kivu; ufundi wake ulitoka kwa wavuvi wa Tanganyika, na ulienezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mradi ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulipofanya kazi Gisenyi. Basi samaki hakuwa na umri wa hata miaka 25 alipoanza kuitwa chakula cha wenyeji. Samaki huyohuyo alipelekwa katika Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, akaitwa kapenta, na sasa Wazambia na Wazimbabwe humhesabu kuwa wao.

Wanafunzi wa Kiswahili hupenda kusema kwamba samaki huyu ameitwa sambaza kwa kuwa "alisambazwa". Mwalimu na awaonye kwamba kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya neno. Mfano ulio thabiti zaidi uko katika sahani hiyohiyo, kando ya samaki. Viazi mviringo, ambavyo hustawi sana katika udongo mweusi wa volkano, huitwa kwa Kinyarwanda ibirayi, na bara la Ulaya huitwa Uburayi. Sisi nasi husema viazi ulaya. Lugha mbili zimekitaja kiazi kwa jina la aliyekileta, na zote mbili, kama watu wa Satsuma, zimeisahau Amerika kilikotoka. Maharagwe, mahindi, mihogo na viazi vitamu ni wageni wa Amerika vilevile. Tukiviondoa vyote mezani, tutabaki na mtama, ulezi na mboga chache.

Ususi

Huenda msomaji akasema: chakula hubadilika, lakini kazi za mikono ni amana ya mababu. Agaseke ndiyo inayotajwa kwanza. Ni kikapu kidogo cha duara chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, kinachosukwa kwa kuzungusha msokoto wa nyasi na kuushona duru juu ya duru kwa nyuzi, huku rangi mbili zikipishana katika mistari ya pembe. Zamani wasusi walitumia nyasi, mafunjo na nyuzi za mgomba. Kikapu hicho kilibeba zawadi kwenye harusi na kwa mzazi aliyejifungua, na kifuniko chake kilikuwa adabu: kinachotolewa hakitangazwi njiani. Tangu mwaka 2001 kikapu kimo katika nembo ya taifa la Rwanda, pamoja na mtama na kahawa.

Umbo la agaseke ni la kale, wala hakuna wa kulipinga. Lakini tukitazama uzi unaoshona vikapu vingi vinavyouzwa leo, tutaona ni katani. Mkonge ni mmea wa Mexico. Uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, wakati Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kupitia Florida, na ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba makubwa ya Tanganyika. Katani ni imara, hupokea rangi vizuri na hung'aa, ndiyo maana msusi aliikubali. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wanawake wengi, wakiwamo wajane, waliunda vyama vya ushirika vya ususi, na vikapu vyao vikauzwa hadi Marekani. Kwa mizani ya mwaka 1974, mkaguzi mkali angeweza kuuliza juu ya uzi. Lakini nani angethubutu kumwambia mwanamke aliyesomesha watoto kwa kikapu hicho kwamba si cha asili?

Lugha Iliyokuja kwa Miguu

Tumefika mahali ambapo walimu wa Kiswahili twajiona wenyewe. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeondoka Pangani mwishoni mwa mwaka uliotangulia na msafara wa wapagazi, aliivuka Rwanda, akaonana na Mwami Rwabugiri, kisha akafika Ziwa Kivu. Kiswahili kilikuja kwa miguu ya watu kama wale. Utawala wa Kijerumani ulikifanya lugha ya kazi ya askari na makarani. Mapatano ya mwaka 1910 yalipogawa mwambao wa kaskazini, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani na upande wa Goma kwa Wabelgiji, hadi mwaka 1916 Wabelgiji walipouteka mji. Mfanyabiashara aliyetaka kuuza upande wa pili wa mpaka alihitaji lugha ya pande zote mbili, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili.

Hata hivyo kilihesabiwa kuwa cha wageni. Wamisionari wengi walikiona kuwa lugha ya Uislamu, na katika Kinyarwanda jina Umuswahili likapata maana ya mtu wa mjini, mjanja asiyeaminika. Wakati huohuo Kinyarwanda kilikuwa kikipokea maneno bila makelele: igitabo, umwarimu, ameza, isahani, icyayi, isukari, umuceri. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba Kiswahili si chake aliketi mbele ya ameza, akafungua igitabo, na umwarimu ndiye aliyemwambia hayo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili mojawapo ya lugha zake rasmi. Sheria haikuleta kitu kigeni. Ilimpa cheti mtoto aliyekwisha kuzaliwa nyumbani.

Kwa Nini Swali Hili Si Mchezo

Pengine mtu atauliza: yanini kupekua asili ya dagaa na uzi wa kikapu? Jibu liko katika historia ya mkoa huohuo. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, katika mkoa wa Gisenyi wa wakati ule, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama, akasema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya Mto Nyabarongo. Nyuma ya maneno yale kulikuwa na nadharia iliyoandikwa na Wazungu wa karne ya 19, na kufundishwa shuleni kwa miaka mingi, kwamba sehemu moja ya wananchi ilikuwa ya asili na nyingine ilikuja kutoka mbali. Mwaka 1994 watu walitupwa katika mto ule. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016.

Nadharia ile ilipita darasani. Walioifundisha walikuwa walimu, na waliitumia lugha kama tuitumiavyo sisi. Hivyo mwalimu anayesema "hiki ni chetu cha asili, na kile ni cha kigeni" ameshika kisu kwa makali, hata kama siku hiyo anakatia viazi tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kwa mizani ya mwanzo ni chemchemi peke yake inayopita, nayo haikutengenezwa na mtu. Samaki, viazi, uzi wa kikapu na lugha vyote vilifika kwa mwaka unaojulikana au kwa njia inayofuatika. Je, tuseme basi kwamba hakuna cha asili? La. Tubadili mizani. Kitu huwa cha mahali pale watu wa mahali wanapokijua kukifanya, wanapofundishana, na wanapowajibika juu yake. Wavuvi wa isambaza hutia nyavu ndani wakati uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane. Huo ni utunzaji. Msusi humkataza mwanafunzi wake kulegeza duru. Huo ni utunzaji. Mzee wa Nyamyumba humwonya mgeni asiingie mahali fulani. Kwa mizani hiyo dagaa wa mwaka 1958 ni wa Gisenyi kabisa, na chemchemi iliyosahaulika au kuchafuliwa inaweza kukoma kuwa ya mtu yeyote.

Kwa hiyo napendekeza zoezi jepesi kwa darasa la juu. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja nyumbani kwao kinachoitwa cha asili, chakula, chombo au dawa, na aandike kwa Kiswahili sanifu majibu ya maswali manne: Kilitoka wapi? Nani alikileta, na lini? Neno linalokitaja ni la lugha gani? Nani leo anakijua kukifanya, na anamfundisha nani? Maswali matatu ya kwanza yatampeleka mbali, hadi Tanganyika, Mexico au China. La nne litamrudisha nyumbani, kwa bibi yake au kwa jirani, na hapo ndipo ataanza kuandika. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Tumfundishe mwanafunzi kwamba asili ya kuachwa au kushikwa ni kazi iliyo mikononi mwa watu anaoishi nao, wala haimpi ruhusa ya kumwuliza mwenzake alikotoka babu yake.